Feni inayovuma namba nne tu

Mteja akiniambia feni inayopuliza hewa ndani ya gari lake haivumi namba moja, mbili wala tatu, inavuma namba nne peke yake, najua kabla sijagusa dashibodi: rezista, kile kifaa kinachopunguza umeme ili feni ivume polepole, imekatika. Namba nne haipiti kwenye rezista, umeme unakwenda moja kwa moja kwenye mota.

Rezista nyingi zina fyuzi ya joto. Ni vipande viwili vya bati vilivyoshikizwa kwa tone la lehemu. Joto likizidi, lehemu inayeyuka, vipande vinaachana, umeme unakatika. Fyuzi imejitoa mhanga gari lisiungue. Sasa anakuja fundi mwenye haraka, anailehemu upya au anapitisha waya juu yake. Feni inavuma, mteja anashukuru. Waya wa namna hiyo nimeukuta mara nyingi, umebabuka, na plastiki ya jirani imeshaanza kulegea.

Uingereza waliyaona makubwa. Gari za familia za kampuni ya Vauxhall, aina ya Zafira B, zilikuwa zikishika moto kuanzia hapo hapo kwenye feni, na mwaka 2015 kampuni ikayaita magari zaidi ya 230,000 yarudi gereji. Ikasema kosa ni ukarabati mbovu wa rezista. Ikarekebisha, na bado baadhi ya yaliyorekebishwa yakawaka. Kumbe maji yalipenya hadi kwenye mota, ikapata kutu, ikazunguka kwa taabu. Mota inayokwama hula umeme mwingi, na umeme huo unageuka joto. Mwaka 2016 yakaitwa tena, mara hii na mota ikabadilishwa. Kamati ya uchukuzi ya bunge lao iliishambulia kampuni mwaka 2017 kwa kuwaacha watu waendelee kuyaendesha.

Ndiyo maana mimi sifungi rezista mpya kabla ya kuizungusha mota kwa kidole. Ikigoma, tunazungumza bei nyingine, na wengine hununa.

Halafu kuna hili la barua. Kampuni humwandikia mmiliki anayejulikana kwenye usajili wa nchi yake. Gari likishapanda meli kuja Dar au Mombasa, barua haipandi nalo. Kama lako limetoka Japani, chukua namba ya chesisi kwenye kadi, iingize kwenye tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji, sehemu ya magari yaliyoitwa. Simu itakutafsiria. Ukikuta kazi haijafanyika, chapisha ukurasa huo uende nao kwa wakala wa kampuni, umuulize kama anaifanya na kwa gharama ya nani.