IERR kwenye seva ni nini, na mbona prosesa hulaumiwa bure

Seva imezima ghafla katikati ya kazi, simu zinalia, ukifika kwenye raki unakuta taa ya mbele imegeuka rangi ya chungwa na kidirisha kinasema CPU 1 IERR, na hapo jambo la kwanza wengi wanalofanya ni kuulizia bei ya prosesa. Hebu tulia kwanza. IERR ni ishara ya prosesa za Intel Xeon kwamba kuna hitilafu ya ndani na kazi haiwezi kuendelea, basi, haisemi nani kasababisha. Mara nyingi prosesa yenyewe ni nzima na tatizo liko kwengine kabisa, kwenye kadi, kwenye RAM, kwenye bayosi (ile programu inayoiamsha mashine) ya zamani, na mtu ashatoa pesa zake kununua chipu mpya ambayo baada ya muda inaandika IERR ile ile.

Ilivyo ni hivi. Kwenye prosesa kuna pini moja inaitwa CATERR. Kukitokea hitilafu kubwa, prosesa inashusha voltiji ya hiyo pini. Ikiishusha kwa mapigo 16 ya saa ya bodi halafu ikaiachilia, hiyo ni MCERR, mambo ni mabaya lakini sistimu bado ina nafasi ya kuandika kilichotokea. Ikiishusha na ikabaki chini mpaka mashine iwashwe upya, hiyo ndo IERR. Anayeitazama hiyo pini ni BMC, ile kompyuta ndogo ya usimamizi iliyo kwenye bodi (Dell wanaiita iDRAC, HPE wanaiita iLO), ambayo inakuwa macho hata seva ikiwa imezimwa, bora waya wa stima uwe umechomekwa. Kwa hivyo ule mstari unaousoma ni BMC inakuambia imeona pini ya soketi (kiti cha prosesa) fulani imeshuka, na ukitaka sababu ni lazima uchimbe mwenyewe.

Sababu moja inakuja sana na ndo hiyo inayowachanganya watu. Ndani ya kila kiini cha prosesa kuna kipima muda kinachoangalia kama amri zinakamilika, muda ukipita bila hata amri moja kumalizika inahesabiwa mara moja, kiini kinajaribu kujikwamua, inahesabiwa ya pili, ikifika ya tatu kimesalimu amri na IERR inatolewa. Na amri hukwama vipi? Kwa kawaida ni prosesa imeomba kitu kutoka nje na hakijarudi. Mpishi wa harusi kamtuma kijana Marikiti akalete nazi, kijana kapotelea huko, wali unaungua, na wageni wote wanamsema mpishi. Huyo kijana ni kadi ya mtandao au kadi ya RAID (inayosimamia diski) iliyoko kwenye sloti ya PCIe, ile ya kuchomekea kadi, prosesa imesoma rejista yake, yaani kijisanduku chake cha data, kadi imeganda, jibu haliji, halafu jina linaloandikwa kwenye logi ni la CPU.

Utajuaje sasa kama ni hivyo? Tangu Pentium Pro ya 1995 Intel wana utaratibu wa kurekodi hitilafu unaoitwa MCA, prosesa ina rejista zilizogawanywa kwa mabenki, kila benki inasimamia sehemu yake, na hitilafu ikitokea benki husika inaweka rekodi ya biti 64. Kwenye Linux utaziona ukiandika dmesg na kutafuta mce, au ukiwa na rasdaemon utatumia ras-mc-ctl --errors. Windows yenyewe itakupa skrini ya bluu yenye kodi 0x124, na rekodi iko kwenye Event Viewer chini ya WHEA.

Tuchukue rekodi moja ambayo ukikaa na hizi mashine utakutana nayo: be00000000800400. Inatisha ukiiona lakini ni rahisi kuisoma. Ile b ya kwanza kwa namba za mbili ni 1011: biti ya 63 ni moja, rekodi ni halali, biti ya 61 ni moja, hitilafu haikurekebishika. Ile e ni 1110, ndani yake biti ya 57 ni moja, maana yake hali ya prosesa imeharibika na haiaminiki tena, ndo maana mashine haikuwa na budi ila kusimama. Halafu ruka mpaka tarakimu nne za mwisho, 0400. Hiyo ndo kodi ya kile kipima muda cha ndani, yaani kuna kitu prosesa ilikingoja mpaka ikachoka, basi anza na kadi za PCIe na usiguse prosesa bado. Ingekuwa kati ya 0080 na 00FF, ni upande wa kidhibiti cha kumbukumbu, anza na RAM. Zikiwa zinaanza na 01 ni upande wa kache, na hapo napo usiruke juu kwa sababu 0134 na 0150 zinaweza kutokea pale prosesa imeletewa data iliyokuwa imeshaharibika kwenye RAM. Angalia kama kabla ya siku hiyo kulikuwa na hitilafu ndogondogo ambazo ECC (ule ulinzi wa RAM unaosahihisha data) ilikuwa inazirekebisha kimyakimya. ECC ya kawaida inarekebisha biti moja na kugundua mbili, sasa ukiona kijiti kimoja cha RAM kinarekebishwa kila siku mwezi mzima na hakuna mtu aliyeangalia, jibu unalo.

Hapa kuna tabia moja naomba ife. Seva ikiganda watu wanachomoa waya wa stima, wanangoja kidogo, wanachomeka, inawaka, wanashukuru Mungu. Rejista za MCA zinabaki na rekodi ukiiwasha upya bila kukata stima, na keneli (moyo wa sistimu) au bayosi huzisoma wakati wa kuwaka. Ukichomoa waya umefuta. Kwa hivyo ingia BMC kwanza, chukua logi yote, ipmitool sel elist inatosha kama huna kitu kingine, kwa iDRAC toa ile ripoti nzima ya SupportAssist, hifadhi kwenye laptopu yako, halafu ndo uiwashe upya kupitia BMC hiyo hiyo.

Na saa! BMC nyingi zimeachwa kwenye UTC (saa ya kimataifa) na sisi tuko saa tatu mbele. Logi inasema 02:14, mlinzi anasema AC ilizimika alfajiri saa kumi na moja na robo, unadhani ni mambo mawili tofauti kumbe 02:14 ya UTC ni saa kumi na moja na dakika kumi na nne ya hapa Mombasa. Panga kwanza saa za BMC, za sistimu na za UPS ziwe mstari mmoja ndo uanze kutafuta nini kilitangulia nini, maana hiyo sekunde moja kabla ya IERR ndo inayobeba habari yote.

Kuna ofisi moja ya kliaringi upande wa Kilindini seva yao ilikuwa inafanya hivi, CPU 1 IERR, ikiwashwa inafanya kazi siku kadhaa halafu tena. Walikuwa wameshapewa kwotesheni ya prosesa. Kwenye logi, mstari wa juu kidogo ya IERR, sekunde ile ile, kulikuwa na hitilafu mbaya ya kifaa kwenye basi 59, kifaa 0, kazi 0 (hiyo ni anwani ya kadi ndani ya mashine), na hakuna aliyeusoma kwa sababu neno CPU lilikuwa limeteka macho. Ukichapa lspci -s 59:00.0 (lspci ni amri ya Linux inayoorodhesha kadi) hupati kitu, na hapo wengi huacha, lakini logi ile ilikuwa inahesabu kwa kumi na lspci inahesabu kwa heksadesimali, 59 ni 3b, ukichapa lspci -s 3b:00.0 inakuja kadi ya mtandao. Kuitoa, ile sehemu ya dhahabu inayoingia kwenye sloti imeshika ukungu wa kijani pembeni, na AC ilikuwa imewekwa juu ya raki, na dirisha la chumba linaangalia bahari. Hewa yetu hii ya chumvi haihitaji kuelezwa kwa mtu ambaye ashanunua mabati Mombasa. Ikasafishwa kwa alkoholi ya isopropili, sloti ikapulizwa, programu ya ndani ya kadi ikaapdetiwa, raki ikasogezwa. Haikurudia.

Sio kila kuzima ghafla ni IERR lakini, na hili lazima ulitenganishe mapema. Joto kwa kawaida halianzi na IERR, prosesa ikipata moto inajipunguza kasi kwanza, ikizidi kupita kiasi inajizima na logi itaandika tukio lake lenyewe la joto. Ila usingoje lifike huko, hewa inayoingia mbele ya seva inatakiwa iwe kati ya nyuzi 18 na 27, na kaskazi likishika na AC ni moja tu inayolia, wajua mwenyewe. Stima nayo ina alama zake: ikikatika hakuna rekodi ya MCA, kuna pengo tu kwenye logi na labda mstari wa pawasaplai imekosa umeme. Seva ina pawasaplai mbili halafu zote zimechomekwa UPS moja iliyochoka, hiyo ni kama huna ya pili. Na kama skrini inaonyesha keneli imeanguka bila rekodi yoyote ya MCA wala WHEA, tafuta kwanza draiva na programu.

Kingine ni bayosi. Seva nyingi za ofisi hapa mjini zimeingia kama ex-UK, mashine nzuri tu, lakini bayosi ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani na hakuna aliyeigusa. Makosa mengi ya prosesa hurekebishwa kwa maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa), na apdeti ya maikrokodi haibaki ndani ya prosesa, inapakiwa upya kila mashine ikiwaka, na bayosi au na sistimu yenyewe. Angalia toleo kwenye /proc/cpuinfo, linganisha na la kampuni iliyotengeneza seva, soma maelezo ya apdeti utafute kama wametaja IERR. Bakapu kwanza, na usiapdeti bayosi mchana ambao stima inakuja na kwenda. Ukiwa bado una shaka zima zile C-state za ndani kwenye bayosi kwa muda, ni hali za usingizi za prosesa, kama IERR inapotea umepata pa kushikia, ingawa bili ya stima itapanda kidogo.

Sasa kuna wakati prosesa kweli imeharibika. Mwaka 2024 Intel walikubali kwamba prosesa za kizazi cha 13 na 14 za kompyuta za mezani, ambazo watu wengine walikuwa wakizitumia kama seva za gemu, zilikuwa zinapokea voltiji ya juu kupita kiasi na kuharibika polepole, wakatoa maikrokodi 0x129 mwezi Agosti na kuongeza waranti miaka miwili, na ile ambayo ilikuwa imeshaumia maikrokodi haikuiponya.

Kwa seva ya soketi mbili njia ya kuthibitisha ni kubadilishana: ya soketi 1 iende 2, ya 2 ije 1, kadi na RAM ziachwe pale pale. Zima kabisa, chomoa nyaya zote, na uwe mwangalifu kwa sababu kwa hizi Xeon pini ziko kwenye soketi, LGA3647 ina pini 3,647 na ukipinda moja umejiletea IERR yako mwenyewe. Angalia kwa tochi kabla ya kufunga, futa ile pesti ya joto ya zamani yote na upake mpya. Kama hitilafu sasa inaandika CPU 2, imemfuata mwenyewe, prosesa ndo mbovu. Kama imebaki CPU 1, ni soketi, bodi, au kitu kilichochomekwa upande huo, kumbuka kila soketi ina sloti zake na RAM zake. Na kama haikurudi kabisa baada ya kubadilisha, yawezekana ilikuwa haijakaa vizuri tu, iache ifanye kazi huku unaiangalia. Ukifika pa kudai waranti, peleka ile logi uliyohifadhi pamoja na rekodi ya be00 na kuendelea, kwa sababu ukienda na picha ya taa ya chungwa peke yake watakuambia uapdeti bayosi kwanza.