Kibebeo cha jeni kisichotokana na virusi

Kibebeo cha namna hii ni chembe ndogo mno inayotengenezwa maabara kwa mafuta au polima (molekuli ndefu kama mnyororo), ili iifikishe jeni ndani ya seli za uvimbe wa saratani na kuiachia humo. Jeni yenyewe yaweza kuwa p53, ambayo huizuia seli yenye hitilafu isiendelee kugawanyika na ambayo katika saratani nyingi imeharibika.

Jeni ikidungwa bila kibebeo hukatwakatwa na vimeng'enya vya damu. Tena chaji yake ya umeme ni hasi, sawa na ya utando wa seli, hivyo husukumwa nje. Virusi vinavyotumiwa kama vibebeo huvimudu vikwazo hivyo, ila mwili hupambana navyo, pengine kwa ukali: mwaka 1999, nchini Marekani, Jesse Gelsinger, aliyekuwa na miaka 18, alifariki baada ya kupewa adenovirusi, aina mojawapo ya virusi hivyo, katika jaribio la kutibu ugonjwa wa ini wa kurithi.

Mafuta yenye chaji chanya huishika jeni kwa urahisi. Ugumu, kwa maoni yangu, uko kwenye kuiachia, na mbangua korosho wa Newala atauelewa upesi: ganda linalohifadhi kiini safari nzima halina faida lisipopasuka mahali pake. Seli huimeza chembe ndani ya kifuko ambacho asidi yake huzidi kuongezeka, na chembe isipotoka humo mapema, jeni husagwa. Polima iitwayo polietilenimini hutoka vizuri, lakini chaji yake chanya hujeruhi hata seli zenye afya. Ndiyo maana yakabuniwa mafuta yanayopata chaji chanya pale tu yanapokutana na asidi, kama yale ya chanjo za UVIKO-19 za Pfizer na Moderna. (Janssen, iliyotangulia kufika Tanzania Julai 2021, ilitumia adenovirusi.)

Kwa saratani, vibebeo hivi kwa sehemu kubwa vingali kwenye majaribio. Mgonjwa wa Lindi anayepewa rufaa kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, bado hutegemea upasuaji, dawa za kemikali na mionzi. Sababu mojawapo ni ini, ambalo hunasa chembe nyingi zinazopitia mshipani: mapitio ya mwaka 2016 ya tafiti za wanyama yalionesha kwamba kiasi kinachofika kwenye uvimbe, kwa thamani ya kati (median), ni asilimia 0.7 ya chembe zilizodungwa. Kuudunga uvimbe moja kwa moja huepusha upotevu huo, lakini hakuwezekani kwa saratani iliyokwisha kusambaa.