Mwana-kondoo anayetokwa machozi: kagua kope kabla ya kushika dawa

Wafugaji wengi huniita wakiwa wameshamaliza tyubu nzima ya dawa ya macho, na mwana-kondoo bado anatokwa machozi. Dawa haina kosa. Jicho linakwaruzwa na manyoya ya kope yake lenyewe kila anapopepesa, na marhamu peke yake haiwezi kuponya kinachochubuliwa kutwa kucha.

Hali hii ni entropioni: ukingo wa kope, mara nyingi ya chini, umejikunja kwa ndani. Mwana-kondoo huzaliwa nayo au huionyesha siku za mwanzo, jicho moja au yote mawili. Kwanza shavu hulowa. Kisha anafumba jicho nusu na kukwepa mwanga. Akiachwa, konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, huingia ukungu wa kibuluu, halafu kidonda. Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba asiyeona vizuri huikosa chuchu ya mama, na kichanga hakivumilii njaa.

Mshike penye mwanga. Futa machozi kwa pamba iliyolowekwa kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha utafute ukingo wa kope. Kope iliyo sawa ina mstari mwembamba wa ngozi isiyo na manyoya, unaoonekana wazi. Ukiona manyoya yanazama moja kwa moja jichoni na mstari huo haupo, umeshapata jibu. Weka kidole gumba chini ya kope, vuta ngozi taratibu kwenda chini: ukingo utachomoza, umelowa na mwekundu. Achia, uone kama unakaa au unarudi ndani.

Ukiwahi, mara nyingi mkono wako unatosha. Vuta kope itoke mara kadhaa kwa siku, upake na marhamu ya macho yenye antibayotiki. Ikizidi kurudi, mwite daktari wa mifugo. Huwa tunachoma penisilini kidogo chini ya ngozi ya kope ili uvimbe wake usukume ukingo nje, au tunabana ngozi kwa klipu, au tunashona nyuzi. Tafadhali usijaribu sindano hiyo mwenyewe. Kichwa kikitikisika, ncha iko karibu mno na jicho. Wala usipake dawa yenye steroidi, yaani kemikali ya kutuliza uvimbe, kabla konea haijapimwa, kwani kidonda kikiwepo huzidi kuchimbika.

Si kila chozi ni kope. Funua kope zote mbili utafute kapi au mbegu ya nyasi iliyonasa. Wakiugua wengi kwa mpigo, wakubwa kwa wadogo, shuku maambukizi ya bakteria waitwao klamidia au mykoplasma: watenge, udhibiti nzi, na daktari ataamua kuhusu tetrasaiklini, aina ya antibayotiki. Anayezaliwa na macho madogo yasiyokomaa hana tiba.

Entropioni hurithiwa. Dume ambaye watoto wake wanaendelea kuzaliwa nayo sipendekezi abaki kundini, hata awe na umbo zuri kiasi gani. Na kila unayemtibu, mtie alama sikioni siku hiyohiyo, maana kope ikishanyooka hutamtofautisha na wenzake utakapokuwa unachagua wa kuzalisha.