Seli za mafuta: ya WhatsApp na ya kweli

Stima ikipotea mtaani hapa Nairobi, hakosi mtu wa kusema kwamba dawa si jenereta tena wala sola, ni seli za mafuta (fuel cells), yaani vifaa vinavyogeuza haidrojeni kuwa umeme. Mara nyingi amekutana nazo kwenye video ya WhatsApp. Video hizo zina chembe ya ukweli, lakini porojo imeifunika. Hizi hapa porojo zenyewe, moja moja.

"Gari linatumia maji." Hii ndiyo sugu kuliko zote. Maji hutoka kwenye seli. Hayaingii humo kama mafuta. Kinachoingia ni haidrojeni, na ikiungana na oksijeni ya hewani hutoa umeme, joto na maji. Ukitaka kuyavunja maji hayo upate haidrojeni tena, sharti urudishe nishati yote iliyotoka, pamoja na ile inayopotea njiani. Sisi wanunuzi wa tokeni za stima hesabu hii tunaielewa: kilo moja ya haidrojeni ina nishati ya kama uniti (kilowati-saa) 33, na mtambo wa kuchanganua maji hula uniti 50 au zaidi kuipata. Anayekuuzia kifaa cha kufunga kwenye injini ili gari linywe maji ya mfereji anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

"Ni jenereta isiyo na kelele." Kelele hakuna, kweli, kwa sababu ndani hakuna moto wala pistoni. Haidrojeni hupita upande mmoja wa seli, uitwao anodi, ambako kichocheo, mara nyingi platinamu, huitenganisha kuwa protoni (chembe zenye chaji chanya) na elektroni (zenye chaji hasi). Katikati pana utando unaopitisha protoni tu. Elektroni, zikikosa njia, huzunguka kupitia waya wa nje, na huo ndio umeme wa kuwasha taa. Upande wa pili, uitwao kathodi, zote hukutana na oksijeni, yakawa maji. Seli moja ikiwa kazini hutoa volti 0.7 hivi, kwa hiyo kufikisha volti 12 inabidi upange kama 17 mfululizo. Kati ya asilimia 40 na 60 ya nishati ya haidrojeni hugeuka umeme. Jenereta ndogo ya petroli haifiki hapo.

"Basi ni betri." Betri hubeba akiba yake ndani na ikiisha inangoja chaji. Seli haibebi kitu. Ukiilisha inatoa, ukikata inanyamaza.

"Ni uvumbuzi wa juzi." Mwanasayansi William Grove wa Wales aliionyesha kanuni yake mwaka 1839, miaka 60 kabla ya reli kufika hapa na kuzaa Nairobi.

"Seli zote ni kitu kimoja." Hapa ndipo hata wauzaji hukoroga mambo. Ile ya magari, yenye utando wa plastiki, hufanya kazi kwenye nyuzijoto 80 hivi na huanza kazi upesi, lakini inataka haidrojeni safi. Monoksidi ya kaboni kidogo tu huilemaza platinamu yake. Ya alkali ndiyo iliyosafiri na vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini, na wanaanga wakayanywa maji yake. Adui yake ni kaboni dioksidi. Ya asidi ya fosforiki, ya nyuzi 200 hivi, imefungwa kwenye hospitali na hoteli ng'ambo. Ya kaboneti iliyoyeyuka huhitaji nyuzi 650.

Inayonivutia mimi ni ya oksidi ngumu, ya kauri, inayofanya kazi kati ya nyuzi 600 na 1,000. Haihitaji platinamu, na hukubali gesi asilia au hata biogesi. Kinyesi cha vichinjio vya Dagoretti kikigeuzwa biogesi na kuondolewa salfa, aina hii ingeipokea. Kasoro yake ni kwamba huchukua muda mrefu kupata moto, na kuiwasha na kuizima kila mara huipasua kauri. Haifai kwa matatu.

"Haidrojeni ni bomu." Huwaka ikiwa asilimia 4 hadi 75 ya hewa, na mwali wake hauonekani vizuri mchana, kwa hiyo woga una msingi. Ila ni nyepesi mara 14 kuliko hewa na hupaa haraka, tofauti na gesi ya kupikia ambayo hutambaa sakafuni. Mahali pa kuihofia ni chini ya dari isiyo na tundu.

"Haichafui kabisa." Seli yenyewe, ikilishwa haidrojeni, haitoi moshi. Lakini haidrojeni nyingi duniani bado hutolewa kwenye gesi asilia na makaa ya mawe, na kaboni dioksidi humwagwa hewani huko kiwandani. Kenya ina umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambao ungetoa haidrojeni safi zaidi. Hata hivyo, ukigeuza umeme kuwa haidrojeni kisha kuurudisha kuwa umeme, hubaki kama theluthi moja tu, wakati betri ya lithiamu hurudisha zaidi ya asilimia 80. Kwa nyumba ya mtaani kama Umoja au Kahawa, sola na betri vinashinda bila ubishi. Na mkakati wa haidrojeni wa Kenya uliozinduliwa Septemba 2023 hauanzii kwenye magari: unalenga kwanza kutengeneza mbolea kwa haidrojeni, ili tupunguze kuagiza ya nje.