Mafuriko Yakisomba Kitalu Chako, Nani Atakulipa?

Tangu mvua kubwa za Machi hadi Mei 2024, wenye vitalu vya miche hapa Nairobi, hasa walio karibu na Mto Ngong na Mto Mathare, wamekuwa wakituuliza: serikali italipa lini? Jibu halipendezi. Hakuna sheria nchini Kenya inayomwahidi mkulima kiasi fulani cha fedha kwa kila eka iliyozama au kila mche uliosombwa.

Tembo akivamia shamba, mambo ni tofauti. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inampa mkulima haki ya kudai fidia ya mazao kwa bei ya soko, na madai hupitia kamati ya kaunti. Malipo yenyewe hukawia, wengine wamechoka kusubiri, lakini haki imeandikwa. Aliyeharibiwa na mto hana kifungu cha kushika.

Alicho nacho ni hisani ya bajeti. Kifungu cha 208 cha Katiba kimeunda Mfuko wa Dharura wa taifa, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na mifuko yake ya dharura. Fedha hizo hukimbilia kwanza uokoaji, chakula, mahema na barabara zilizokatika, nami siwezi kulaumu mpangilio huo. Zile sh10,000 zilizotangazwa Mei 2024 zilikuwa za kusaidia familia zilizoondolewa kando ya mito zipate pa kuhamia. Hazikuwa fidia ya mali. Tuseme ulipoteza miche 2,000 ya parachichi iliyobebeshwa, kila mmoja wa sh150: hiyo ni sh300,000, na hatujahesabu udongo, mbolea wala vibarua.

Bima ya mazao yenye ruzuku ya serikali, iliyoanza 2016 na mahindi katika Bungoma, Embu na Nakuru, nayo haikumlenga mwenye kitalu. Hupima wastani wa mavuno ya eneo zima. Yakishuka chini ya kiwango, wote waliojisajili hapo hulipwa. Kitalu chenye miembe, maua na mikaratusi kina wastani gani wa mavuno? Ukipata bima ya kibinafsi, soma kama mafuriko yametajwa kwa jina kabla hujatia sahihi.

Kwingine mambo ni tofauti. Marekani, kwa mfano, ina mpango wa kudumu wa kulipa sehemu ya gharama ya kupanda upya miti iliyokufa kwa janga, na wakuzaji wa miche ya miti wamo. Juu yake, sheria ya Desemba 2024 ilitenga takriban dola bilioni 20.8 kwa hasara za wakulima za 2023 na 2024. Lakini anayelipwa fidia ya mazao hutakiwa kuwa na bima au kinga inayofanana nayo kwa miaka miwili inayofuata. Na bila rekodi hupati kitu.

Rekodi ndiyo inayowaangusha wengi wetu. Weka daftari la miche kwa aina, ukubwa na bei, ulisahihishe kila mwezi, na nakala yake ikae mbali na kitalu, hata kama ni picha kwenye simu ya dada yako. Jisajili katika daftari la kitaifa la wakulima, lile lile la mbolea ya ruzuku. Maji yakishapungua, piga picha kabla ya kufagia matope, kisha mwite afisa wa kilimo wa wadi na chifu waone na waandike. Ripoti ya wiki ya kwanza ina uzito. Ya mwezi wa tatu hutiliwa shaka.

Kuna jambo ambalo wateja wetu hawapendi kusikia. Kanuni za maji huweka ukanda unaolindwa wa kati ya mita 6 na 30 kando ya mto, na vitalu vingi vya jiji viko humo au kwenye hifadhi ya barabara. Huko, afisa anayekuja kuandika hasara anaweza pia kukuandikia ilani ya kuhama. Uliza kibali chako kinasema nini kabla ya mvua za vuli, na miche ya bei kubwa ihamishie juu mapema.