Kondo la nyuma si ukuta: yanayosemwa kuhusu unga, methadoni na mtoto wa tumboni

"Kondo linachuja, sumu haimfikii mtoto." Linachuja, sawa, ila kama kifumbu cha nazi: machicha hubaki, tui hupita. Insulini na heparini ni machicha, molekuli zake ni kubwa mno. Mofini, heroini (ndiyo unga), kodeini, tramadoli na methadoni (dawa anayopewa mtumiaji badala ya unga) ni tui. Mofini ina uzito wa daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 285 tu, na dawa iliyo chini ya 500 kwa kawaida haipati tabu kuvuka, hasa ikiwa inayeyuka kwenye mafuta. Kondo lina protini zinazosukuma baadhi ya dawa zirudi kwa mama, lakini haziwezi kuzuia zote. Tena damu ya mtoto ina asidi zaidi kidogo kuliko ya mama, hivyo dawa hizi zikishaingia huko hunasa. Mtoto akichoka wakati wa uchungu, asidi hupanda na zinanasa zaidi.

Wengine husema sindano ya pethidini, ya kutuliza maumivu ya uchungu, ni ya mama peke yake. Kumbe humfikia mtoto ndani ya dakika chache. Ndiyo maana mkunga hupima kwanza njia imefunguka kiasi gani: anayezaliwa saa 2 au 3 baada ya sindano ndiye aliye hatarini zaidi kutoka amelegea, anapumua kwa kusuasua.

"Mjamzito aache unga leo leo." Ushauri huu hutolewa kwa mapenzi, na ndio unaonitisha kuliko yote. Mama akishikwa na arosto, yaani mateso ya mwili kukosa unga uliouzoea, mtoto naye anashikwa nayo humo humo tumboni. Mimba inaweza kutoka, au uchungu ukaanza kabla ya wakati. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unapendekeza apewe methadoni au buprenofini badala ya kukatishwa ghafla. Tanzania methadoni ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011. Miezi ya mwisho mwili wa mjamzito huiondoa haraka zaidi, kwa hiyo akiongezewa dozi au kugawiwa mara mbili kwa siku, jirani asiseme uteja umemzidi.

"Basi mtoto atazaliwa teja." Hapana. Teja huutafuta unga. Kichanga hatafuti kitu, mwili wake umezoea tu kilichokuwa kikipita kitovuni, na kitovu kimekatwa. Utamjua: kilio chembamba cha juu, vidole vinatetemeka hata nepi ikifunguliwa tu, chafya na miayo mfululizo, ananyonya kwa pupa kisha anatapika. Kwa heroini dalili huja mara nyingi ndani ya saa 24. Kwa methadoni, siku ya 2 au ya 3, wakati wengine wameshafunga mizigo kurudi nyumbani. Mwanga hafifu, utulivu na kifua cha mama huwatosha wengi. Baadhi hupewa mofini kidogo inayopunguzwa taratibu. Na dozi kubwa ya mama haimaanishi arosto kali kwa mtoto, kwa hiyo kujipunguzia kimya kimya hakumsaidii. Mkunga aambiwe kiasi halisi, kwani mtoto wa mama huyu akizaliwa amelegea, kumchoma naloksoni, dawa ya kuondoa nguvu ya mofini na jamii yake mwilini, kunaweza kumletea degedege.

Kunyonyesha je? Methadoni hupita kidogo sana kwenye maziwa. Mama aliyetulia kwenye dozi yake na asiyegusa unga huhimizwa anyonyeshe. Mwenye VVU afuate maelekezo ya kliniki yake.