Rabi Habariki Sufuria: Dhana Potofu Kuhusu Jiko la Kosha

Nikitaja jiko la kosha, yaani linalofuata sheria za chakula za Wayahudi, swali la kwanza huwa hili: "Kwa hiyo rabi anakuja kukiombea chakula?" Rabi, mwalimu wa dini ya Kiyahudi, haji kwa hilo. Neno lenyewe kwa Kiebrania, kasheri, maana yake ni "kinachofaa", na kufaa huko kunatokana na chakula chenyewe: ni mnyama gani, amechinjwaje, amepikwa katika chombo gani, amechanganywa na nini. Rabi anayetembelea kiwanda anakwenda kukagua. Anasoma orodha ya viambato, anauliza mafuta yametoka wapi, anaangalia mashine zimeoshwaje. Hata mchinjaji, ambaye husoma baraka kabla ya kuchinja, akiisahau, nyama haiharibiki. Lakini kisu chake kikiwa na pengo dogo la kukwaruza ukucha, nyama hiyo hailiwi.

Viazi, nyanya, maharage, mchele, chumvi na sukari havimsubiri mtu yeyote. Anayetaka kupika kosha nyumbani ana nusu ya soko tayari. Linalobaki ni kuchambua na kuosha vizuri, maana mdudu kwenye mchicha ni marufuku kama nguruwe. Jambo hilo hushangaza wengi. Mama aliyenifunza kazi hii alikuwa akilikagua jani mojamoja mbele ya dirisha, na unga wake haukuingia bakulini bila kuchekechwa.

"Kosha na halali ni kitu kimoja"

Zinakutana kwingi: hakuna nguruwe, hakuna damu, kisu ni kikali na mnyama huchinjwa kooni. Zinaachana pia. Ngamia ni halali kwa Mwislamu, lakini Walawi 11 inamtaja waziwazi, pamoja na wibari, sungura na nguruwe, miongoni mwa wasioliwa: anacheua, ila kwato zake hazikupasuka inavyotakiwa. Kamba na pweza wanaliwa na Waislamu wa pwani yetu. Jiko la kosha haliwagusi, kwa sababu kiumbe cha majini lazima kiwe na mapezi na magamba. Sato, changu na jodari wanaingia. Kambare na papa hawaingii. Kwa upande mwingine, mvinyo wa kosha upo, na ndio unaosomewa baraka usiku wa Sabato. Na ng'ombe aliyechinjwa na Mwislamu mcha Mungu bado si kosha, kwani kazi hiyo hufanywa na Myahudi aliyeisomea, na baada ya kuchinja mapafu ya mnyama hukaguliwa.

"Bila maziwa hakuna mchuzi mzito"

Hapa ndipo ninapotaka kukaa. Torati inakataza mara tatu kumtokosa mwana-mbuzi katika maziwa ya mamaye, na kutokana na katazo hilo marabi walitenga kabisa nyama na maziwa: havipikwi pamoja, haviliwi pamoja. Ukila nyama, unasubiri kabla ya kugusa maziwa. Wengi husubiri saa 6, familia nyingi zenye asili ya Ujerumani saa 3, za Uholanzi saa 1. Watu wakisikia hivyo huwaza pilau lisilo na mtindi na keki isiyo na siagi, wakahurumia.

Wasihurumie kabla ya kuonja chakula cha Wayahudi wa India. Bene Israel wa pwani ya Konkan, karibu na Mumbai, na Wayahudi wa Kochi kule Kerala, wamepika michuzi ya kuku na nyama kwa tui la nazi vizazi na vizazi. Tui si maziwa. Halikutoka kwa mnyama, kwa hiyo liko katika kundi la tatu liitwalo pareve, pamoja na samaki, mayai, nafaka, matunda na mboga: vyakula visivyo vya nyama wala vya maziwa. Bene Israel hupika hata halua yao ya Mwaka Mpya kwa tui, ili iweze kuliwa baada ya mlo wa nyama.

Sasa tazama chakula chetu. Kuku wa kupaka, akiwa amechinjwa kikosha na mchuzi haukutiwa mtindi, hana tatizo lolote. Maharage ya nazi ni pareve. Mahamri yaliyokandwa kwa tui, iliki na hamira, yakakaangwa kwa mafuta ya mimea katika karai ambayo haijapikiwa nyama wala maziwa, ni pareve, na unaweza kuyaleta mezani baada ya nyama. Kitu kimoja tu cha kuangalia ni majarini: nyingine zina unga wa maziwa ndani, nawe utaligundua hilo kwa kusoma pakiti.

Rabi Moses Isserles wa Kraków, katika karne ya 16, aliandika kwamba anayepika nyama kwa maziwa ya lozi aweke lozi kando ya chakula, ili anayetazama asidhani ni maziwa ya ng'ombe. Napenda sana busara hiyo. Kwangu huwa ni vipande vya nazi juu ya sahani.

Na kuku, asiyenyonyesha? Ni swali la haki, na la zamani. Talmudi, mkusanyiko wa kale wa mijadala ya marabi, inasimulia kwamba katika mji wa Rabi Yose wa Galilaya watu walikula kuku kwa maziwa. Marabi wengine hawakukubali, na leo kuku anahesabiwa nyama.

"Ukikosea kijiko, kifukie ardhini"

Nimelisikia hili hata kwa Wayahudi wenyewe. Kijiko cha maziwa kimeingia kwenye sufuria ya nyama, basi kinazikwa kwenye chungu cha maua siku tatu. Kanuni iliyopo ni nyingine: chombo hutema ladha ya chakula kwa njia ileile kilivyoifyonza. Cha chuma kilichofyonza kwa maji ya moto huoshwa, huachwa saa 24, kisha huchemshwa kwenye maji yanayotokota. Kilichotumika moja kwa moja motoni, kama wavu wa kuchomea, huchomwa hadi kiwe chekundu. Chungu cha udongo hakina dawa. Walawi 6 inasema kivunjwe. Anayeanza na vyungu vya kupikia vya bibi yake afikiri mapema kipi kitakuwa cha nini. Sufuria mbili, visu viwili, sifongo mbili za rangi tofauti: kwa familia ndogo, huo ni mwanzo wa kutosha.

"Hala ni mkate wa kusuka"

Ndivyo mkate huu wa Sabato unavyoonekana kwenye picha, lakini msuko ni desturi ya Wayahudi wa Ulaya. Wayahudi wa Yemeni na Iraki huweka mezani mikate bapa, na Sabato yao ni kamili. Wanachoshirikiana wote ni mikate 2 mizima, kumbukumbu ya mana iliyookotwa maradufu kila Ijumaa jangwani. Na neno "hala" kwa asili yake ni kile kipande cha unga uliokandwa kinachotengwa kama sadaka kwa mujibu wa Hesabu 15.

Kwa kilo 1 ya unga wa ngano tumia mayai 3, mafuta mililita 120, sukari gramu 100, hamira kavu gramu 14, chumvi vijiko 2 vya chai, na maji ya vuguvugu kama mililita 350, ukiongeza kidogokidogo. Vunja kila yai peke yake kwenye kikombe kwanza. Likiwa na doa la damu, litupe. Usitie maziwa wala siagi: marabi walikataza tangu zamani mkate wa kawaida kukandwa kwa maziwa, usije ukaliwa na nyama kwa kusahau. Kanda hadi uwe laini, uache uumuke mara 2, kisha oka kwa nyuzi 180 kama nusu saa.

Kilo 1 haikulazimu kutenga kitu. Kwa kipimo kinachofuatwa na wengi, kutenga huanza kwenye kama gramu 1,200 bila baraka, na kama 1,670 kwa baraka. Pakiti yetu ya kilo 2 inavuka kiwango hicho, kwa hiyo zidisha vipimo mara mbili, sema baraka, mega kipande cha ukubwa wa zeituni, kifunge kwenye foili na ukichome. Ni dakika ya kimya katikati ya vurugu za Ijumaa, nami naipenda kuliko harufu ya mkate.

"Pasaka inakataza kila kilichoumuka"

Kingekatazwa kila kilichochachuka, mvinyo usingekuwa kwenye meza ya Pasaka ya Wayahudi, na vikombe ni 4. Kinachokatazwa ni ngano, shayiri, rai, oti au spelti iliyokutana na maji ikaachwa. Ndiyo maana matsa, mkate bapa usioumuka, huokwa ndani ya dakika 18 tangu maji yaguse unga, na ndiyo maana keki ya unga wa matsa inaweza kutiwa baking poda iliyotengenezwa kwa ajili ya Pasaka.

"Sabato ni chakula baridi"

Moto hauwashwi Sabato, ni kweli. Lakini chakula cha moto mchana wa Jumamosi ni jambo marabi walilolisisitiza. Sufuria huwekwa juu ya moto mdogo Ijumaa kabla ya jua kuzama: cholenti kwa watu wa Ulaya ya Mashariki, dafina kwa watu wa Moroko, nyama na maharage au dengu vikitokota polepole hadi kesho yake. Wayemeni huweka jahnuni, unga uliopakwa mafuta na kukunjwa, katika chungu kilichofunikwa, na mayai mazima juu yake. Asubuhi ukifunua, unga umegeuka rangi ya asali, na yai ukilimenya ni la kahawia hadi ndani.